Fangasi wa Tumbo: Kutoka Meza za Darajani Hadi Maabara

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, na watu wa Mji Mkongwe wa Unguja hulijia kwa samaki, nyama na mboga. Anayejua kuangalia ataona kuwa ni duka la dawa pia. Meza hiyo hiyo yenye iliki na mdalasini wa pilau ina chupa za mafuta ya habasoda, mafuta ya karafuu, asali, na mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto. Zamani mteja aliulizia dawa ya tumbo, basi. Siku hizi anakuja na jina la ugonjwa kabisa, kalisoma kwenye simu: fangasi wa tumbo.

Matangazo ya ugonjwa huo hayakosi kwenye makundi ya WhatsApp. Huanza na maswali. Tumbo linajaa gesi? Unachoka ovyo? Unatamani vitu vitamu? Kichwa kinauma, unasahausahau, ngozi inawasha, fangasi za sehemu za siri haziishi? Kisha jibu: una fangasi sugu, wamezaana utumboni, wanaishi kwa sukari unayokula, na usiposafisha tumbo hutapona. Dawa ipo, piga namba hii. Katika mji wa joto na kaimati za futari, ni nani asiyejibu ndiyo kwa maswali mawili matatu hapo?

Si uongo mtupu. Fangasi huyo yupo, na yumo ndani ya wengi wetu muda huu.

Anaitwa kandida. Aliye maarufu zaidi katika ukoo wake ni Candida albicans, na jina hilo la ukoo lilitolewa mwaka 1923 na Christine Berkhout, mwanasayansi wa Kiholanzi. Ni chachu, ya jamii moja na hamira. Apikaye vibibi anaijua kazi ya chachu bila kufungua kitabu: mchele uliorowekwa husagwa kwa tui, hutiwa sukari, iliki na hamira, hufunikwa, na baada ya muda rojo limeumuka, limejaa mapovu na limeanza kunukia uchachu. Hamira imekula sukari, ikatoa hewa na kileo kidogo ambacho moto wa chungu hukipeperusha. Ndiyo maana habari ya tumbo linaloumuka huwaingia watu upesi. Wameiona jikoni.

Lakini kandida hakutiwa tumboni kwa kijiko. Huishi mdomoni, utumboni na ukeni mwa watu wengi wenye afya zao, na huanza kuhamia kwetu tangu utotoni. Choo cha mtu mzima kikipimwa na kandida akaonekana, jibu hilo peke yake si ugonjwa, kwa sababu wengi wasioumwa kitu wangepata jibu hilo hilo. Kile kipimo cha kutema mate asubuhi kwenye bilauri ya maji, eti yakishuka nyuzinyuzi una fangasi, hakipimi chochote zaidi ya uzito wa mate.

Kinachomfanya kandida atulie ni wenziwe. Utumbo una bakteria wengi mno, nao hugombea naye chakula na nafasi, na baadhi hutoa asidi asizozipenda. Nyuma yao ipo kinga ya mwili, na ukuta wa utumbo wenyewe. Shida huanza kimoja kati ya hivyo kinapobomoka, na kinachobomolewa mara nyingi zaidi hapa kwetu ni cha kwanza. Mtu kapata mafua, kaenda duka la dawa, kanunua vidonge vya rangi mbili bila cheti cha daktari, kameza siku mbili, kaona nafuu, kaacha. Mafua ni ya virusi na dawa ile haikuyagusa hata kidogo, lakini bakteria wa tumboni wameipata. Kandida, ambaye dawa za bakteria hazimdhuru, anabaki na uwanja mpana. Wanawake wengi wanalijua hilo kwa uzoefu: dozi ya antibiotiki inakwisha, muwasho unaanza.

Wengine walio hatarini ni wenye kisukari kisichodhibitiwa, wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, wanaotibiwa saratani, na wenye virusi vya UKIMWI ambao hawajaanza dawa au wameziacha. Madaktari wa Afrika Mashariki waliliona hili kwa macho yao miaka ya 1980, wakati utando mweupe mdomoni na maumivu ya kumeza vilipokuwa miongoni mwa dalili zilizowafichua wagonjwa wa UKIMWI. Kandida aliyeshuka hadi kwenye umio si wa kutibiwa kwa chai ya tangawizi. Kwa mgonjwa mahututi, aliyelazwa na mipira kwenye mishipa, anaweza kuvuka kutoka utumboni hadi kwenye damu, na hapo huua. Shirika la Afya Duniani lilipotoa kwa mara ya kwanza orodha yake ya fangasi hatari zaidi, Oktoba 2022, Candida albicans aliwekwa kundi la juu kabisa, pamoja na nduguye Candida auris, ambaye hospitali za Nairobi zimekwisha kupambana naye.

Kwa hiyo kandida ni adui wa kweli kwa mgonjwa wa kweli. Vipi basi akageuka kuwa sababu ya uchovu wa kila mtu?

Habari hiyo ilitoka Marekani. Orion Truss, daktari wa mji wa Birmingham katika jimbo la Alabama, alitoa kitabu mwaka 1983 akidai kwamba wagonjwa wengi wenye dalili zisizoeleweka, kuanzia huzuni hadi maumivu ya kichwa, wanasumbuliwa na kandida wa utumboni. Mwaka huo huo William Crook, daktari wa watoto wa Tennessee, alitoa kitabu chake, The Yeast Connection, kikauzwa kwa wingi sana. Dawa yao ilikuwa vidonge vya kuua fangasi, pamoja na mlo usio na sukari, mikate ya hamira wala pombe. Chama cha madaktari wa mzio wa Marekani kilijibu mwaka 1986 kwamba nadharia hiyo haijathibitishwa. Mwaka 1990 madaktari wa mji ule ule wa Birmingham, wakiongozwa na William Dismukes, waliipima: wanawake 42 wenye fangasi za mara kwa mara na dalili hizo nyingine walipewa kwa zamu dawa ya fangasi iitwayo nistatini na vidonge bandia visivyo na dawa, bila kujua ni lini wanapata kipi. Muwasho ukeni ulipungua kwa dawa. Uchovu, huzuni na dalili nyingine za mwili mzima zilipungua pia, ila kwa vidonge bandia zilipungua karibu sawasawa.

Matangazo ya simu hayataji jaribio hilo. Yanarudia vitabu vya 1983, karibu neno kwa neno, kwa Kiswahili.

Pamoja na hayo, wapo watu, wachache sana duniani, ambao chachu utumboni mwao hutengeneza kileo cha kuwalevya. Kwa mji wa Waislamu kama huu, habari yao inatisha na kuvutia kwa wakati mmoja. Moja ya taarifa za mwanzo ilitoka kwa watu wa hapa hapa Afrika Mashariki: mwaka 1948, jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha maelezo ya Ladkin na Davies, huyu wa pili mtaalamu wa patholojia wa Kampala, kuhusu mtoto wa miaka 5 aliyefariki baada ya mfuko wake wa chakula kupasuka. Mwili ulipochunguzwa, tumboni mlikuwa na majimaji ya povu yenye harufu ya kileo. Baadaye madaktari wa Japani walieleza wagonjwa waliolewa kwa kula wali.

Kisa kimoja kilichochunguzwa vizuri ni cha mzee wa miaka 61 wa Texas, kilichoandikwa na Barbara Cordell na Justin McCarthy mwaka 2013. Alikuwa akilewa bila kunywa, na wahudumu wa hospitali hawakumwamini. Hatimaye alilazwa, vitu vyake vikapekuliwa, akafungiwa siku nzima akilishwa vyakula vya wanga huku damu yake ikipimwa. Kileo kilipanda. Choo chake kilikutwa na hamira ya kawaida, ile ya mikate na bia, na matatizo yake yalikuwa yameanza baada ya kutumia antibiotiki. Alipewa dawa za fangasi, bakteria rafiki na mlo wenye wanga kidogo, akapona. Aprili 2024 mahakama ya Bruges nchini Ubelgiji ilimwachia huru dereva aliyekutwa na kileo baada ya madaktari kuthibitisha kuwa mwili wake unakitengeneza wenyewe.

Zingatia kinachomtofautisha mzee wa Texas na msomaji wa tangazo: yeye alipimwa. Hata kwa dalili za kawaida za gesi na kuharisha, kuna madaktari wa Marekani, akiwemo Satish Rao wa Georgia, wanaochukua majimaji ya utumbo mdogo kwa mpira wa kamera na kuyaotesha maabara. Kati ya wagonjwa wao wenye matatizo ya tumbo yasiyo na sababu iliyojulikana, robo hivi walikutwa na fangasi wengi kupita kiasi. Robo si ndogo. Ila hata hao, haijawa wazi mara zote kwamba fangasi ndio waliowaumiza, na kipimo chenyewe si cha kufanyiwa dukani.

Sasa sukari. Tangazo linasema ukiacha sukari, fangasi anakufa njaa. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu wenye afya mlo wenye sukari nyingi kwa makusudi, wakahesabu kandida kwenye choo na mate. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Mwaka 2013 timu ya Pennsylvania iliona jambo lingine: waliokuwa wamekula wanga mwingi siku za karibuni walikuwa na kandida wengi zaidi. Ukiziweka pamoja, chakula kinamgusa kandida, lakini kwa mtu mwenye afya kijiko cha sukari hakiamshi jeshi. Sababu moja ni kwamba sukari nyepesi hunyonywa mapema, kwenye utumbo mdogo, na kinachofika chini ni kidogo. Mwenye kisukari ni habari nyingine, maana kwake sukari iko hadi kwenye mate na mkojo, na kandida hula humo.

Hata hivyo, watu wengi wanaofuata mlo huo husema wamepata nafuu, na hakuna sababu ya kuwaita waongo. Angalia bakuli la urojo. Rojo lenyewe ni unga wa ngano uliochemshwa na manjano na ukali wa embe mbichi au ndimu. Ndani yake mna bajia za dengu au kunde, kachori, viazi, chatne ya nazi, na juu chipsi za muhogo. Ngano, vitunguu, dengu na kunde vina aina za wanga ambazo utumbo wa binadamu hauzisagi vizuri, hivyo hushuka hadi kwa bakteria wa utumbo mpana, nao hufanya sherehe. Gesi ile ni kazi ya bakteria, tena bakteria wa kawaida, wala fangasi hahusiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne wamejenga mlo mzima juu ya jambo hilo kwa ajili ya wenye utumbo mwepesi kukereka: vyakula hivyo hupunguzwa kwa wiki chache, kisha hurudishwa kimoja kimoja hadi mtu ajue kipi kinamsumbua. Embe bivu liko kwenye orodha ya watuhumiwa. Wali na samaki wa kupaka havina neno, almuradi usitie vitunguu mkono mzima.

Maziwa nayo. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hawasagi vizuri sukari ya maziwa, na chai ya maziwa ya asubuhi inatosha kuwajaza hewa hadi adhuhuri. Maziwa ya mgando huwapa taabu kidogo zaidi, kwa kuwa bakteria walioyagandisha wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo.

Kupunguza sukari bado ni jambo zuri, kwa sababu nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25 hivi. Soda moja ya mililita 300 ina gramu 30 na ushei, na hapo bado hujafika Forodhani kwa juisi ya miwa. Kilicho hatari ni kufunga wanga wote ghafla kwa ushauri wa simu, khasa kwa mjamzito, au kwa mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi au kujidunga insulini: sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia.

Turudi kwenye meza za Darajani. Karafuu, ambayo kwa wingi hutoka Pemba, ina mafuta ambayo sehemu kubwa yake ni yujinoli, na yujinoli huua kandida kwenye bakuli la maabara. Kitunguu thomu na habasoda vimefanya hivyo pia. Lakini bakuli la maabara halina tindikali wala nyongo, na halina ini la kuvunjavunja dawa. Karafuu mbili tatu kwenye chai hazina madhara, na wala hazifiki utumbo mpana zikiwa na nguvu za kuua. Mafuta yenyewe, kama yale ya makonyo yanayotengenezwa kiwandani Wawi huko Pemba, ni makali. Wapo watoto walioumia ini kwa kunywa mililita chache tu za mafuta ya karafuu, na chupa hiyo inastahili kukaa juu ya kabati, mbali na mikono yao.

Nazi ina ushahidi mzuri kidogo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, waliwalisha panya mafuta ya nazi, na kandida kwenye matumbo yao walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kuliko kwa panya waliolishwa mafuta ya ng'ombe. Ni panya, na ni mafuta mengi. Mtu wa Unguja, anayekula tui tangu kuachishwa ziwa, pengine angependa ushahidi huo uwe wa binadamu, maana kandida bado yumo tumboni mwake.

Dawa ya kuongezea yenye sifa za haki ni chachu nyingine, Saccharomyces boulardii. Mfaransa Henri Boulard aliitoa miaka ya 1920 huko Indochina, kwenye maganda ya lichi na mangostini, baada ya kuona wenyeji wakiyachemsha na kuyanywa wakati wa kipindupindu. Lichi ni ndugu wa shokishoki. Majaribio mengi ya binadamu yanaonyesha kwamba chachu hiyo hupunguza kuharisha kunakoletwa na antibiotiki. Kuwa inaondoa kandida wa utumbo wa mtu mzima mwenye afya, hilo halijathibitishwa. Kwa kuwa nayo ni fangasi, ukiimeza pamoja na dawa ya fangasi kama flukonazoli unailipia na kuiua siku moja. Na haimfai mgonjwa mahututi wala mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa, maana inaweza kuingia kwenye damu.

Kwenye duka la dawa za hospitali napo makosa ni mengi. Griseofulvini, dawa ya mashilingi na mapunye ya kichwani, huulizwa kwa kila fangasi, na haimfanyi kitu kandida. Vidonge vya ketokonazoli vilishauriwa kuondolewa sokoni Ulaya mwaka 2013 kwa sababu ya kuumiza ini. Flukonazoli ni nzuri kwa anayeihitaji, lakini huongeza nguvu ya warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, na ya glibenklamidi, na ikimezwa ovyo huwakuza kandida wasioiogopa. Nistatini ndiyo ya upole kuliko zote, kwani hainyonywi kutoka utumboni. Iligunduliwa na wanawake wawili wa jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, kwenye udongo wa shamba moja la Virginia, wakaitangaza mwaka 1950. Mamilioni ya dola yaliyotokana na hati miliki waliyaelekeza kwenye utafiti wa sayansi.

Nani basi aende hospitali, na akaulize nini? Mwenye utando mweupe mdomoni usiokuwa wa mtoto mchanga, au maumivu akimeza, asisubiri. Mwenye fangasi za sehemu za siri zinazorudi kila baada ya miezi miwili mitatu aombe kwanza kipimo cha sukari na cha virusi vya UKIMWI, kabla ya kununua dozi ya nne. Cha sukari ni tone la damu ya kidole na jibu hutoka papo hapo. Mwenye gesi, kiungulia na tumbo kujaa apimwe minyoo, jiadia na bakteria wa vidonda vya tumbo. Kichocho na minyoo vimepigwa vita Unguja na Pemba kwa miaka mingi, kwa dawa zinazogawiwa maskulini na majumbani, na havijatoweka. Anayepungua uzito bila sababu, anayetoa damu chooni, au aliyeanza kuumwa tumbo akiwa na miaka zaidi ya 50, hapaswi kupoteza hata wiki moja kwenye kusafisha tumbo. Na kila anayekwenda abebe mfuko wenye chupa na vidonge vyote anavyotumia, vya Darajani na vya simu pia, aviweke mezani kwa daktari, hata vile anavyoviona kuwa ni viungo tu.